Je, neema ya Mungu inaweza kukataliwa?

Wakalvini, yaani Wakristo wanaofuata mafundisho ya Yohana Kalvini, husema haiwezi. Mungu akishaamua kumwokoa mtu, Roho humpa moyo mpya, naye atakuja kwa Kristo bila kukosa. Hiyo ndiyo neema isiyozuilika. Jina limewaponza kidogo, maana msikiaji humwona mtu akikokotwa huku anapiga kelele. Sinodi (mkutano mkuu wa kanisa) ya Dordrecht, Uholanzi (1618–1619), ilikana hilo waziwazi: neema haimgeuzi mtu gogo wala haifuti hiari yake, bali huiponya mpaka aje kwa kupenda.

Walioitwa kujieleza mbele ya sinodi hiyo walifuata mafundisho ya Jacobus Arminius, aliyefariki mwaka 1609; ndio Waarminio. Hoja zao tano waliziandika mwaka 1610. Ya nne inakiri kwamba bila neema mtu hawezi jema lolote (wapinzani wao husahau sehemu hii), ila inakataa kwamba neema haizuiliki. Shahidi wao ni Matendo 7, Stefano anapoliambia baraza: "siku zote mnampinga Roho Mtakatifu." Mkalvini hujibu kuwa mwito wa nje, yaani mahubiri, hupingwa, ila wa ndani, wa Roho moyoni, haupingwi. Huenda, lakini Stefano mwenyewe hataji miito miwili.

Ngome ya Wakalvini ni Yohana 6:44: hakuna awezaye kuja "asipovutwa na Baba". Kitenzi cha Kigiriki, helkuo, ni kizito kweli. Ndicho kilichotumika Petro alipouvuta wavu wenye samaki 153, na Paulo na Sila walipoburutwa hadi sokoni kule Filipi. Wavu hauulizwi.

Ila Yohana 12:32 inakitumia kitenzi kilekile: "nitawavuta wote kwangu." Kama kila avutwaye ni lazima afike, wote wataokoka, na Mkalvini hakubali. Husema "wote" ni watu wa kila taifa, na si jibu la ovyo, kwa kuwa mistari michache kabla Wayunani walikuwa wameomba kumwona Yesu. Kinachonishika mimi ni mstari wa 6:45, unaosomwa kwa haraka mno: "kila aliyesikia na kujifunza kwa Baba huja kwangu." Hapo kuvutwa kunaelezwa kwa kufundishwa, na wavu haufundishiki.

Hata hivyo swali moja huwabana Waarminio. Wawili wamesikia somo lilelile, mmoja akaja, mwingine akaenda zake. Tofauti imetoka wapi? Ikiwa ni kwake yule aliyekuja, basi ana cha kujivunia mbele ya mwenzake. Kuhusu Lidia, mwanamke aliyemsikiliza Paulo kule Filipi, Luka anaandika kwamba Bwana aliufungua moyo wake. Hasemi aliufungua mwenyewe.

Wakalvini nao hubanwa na Mathayo 23:37, pale Yesu anapoiambia Yerusalemu kwamba alitaka kuwakusanya watoto wake kama kuku na vifaranga vyake. Husema Yesu hapo anawalaumu viongozi, na vifaranga ni watoto wa Yerusalemu. Kisarufi yawezekana. Lakini aliyetaka kukusanya, "ni mara ngapi", ni yeye, na neno linalofuata ni "hamkutaka".