Moshi wa Tamasha Uko Barabarani

Novemba 2019 Chris Martin, mwimbaji wa bendi ya Coldplay ya Uingereza, aliiambia BBC kwamba hawatafanya ziara ya dunia kwa albamu yao mpya mpaka wapate namna ya kusafiri bila kuumiza mazingira. Ziara iliyofuata ilianza Machi 2022 mjini San José, Costa Rica, na ahadi moja iliyoandikwa: hewa ukaa ipungue angalau kwa nusu, ikilinganishwa na ziara yao ya 2016 na 2017.

Watu wengi wanakumbuka baiskeli na sakafu. Uwanjani kuna baiskeli zisizokwenda popote. Shabiki anapanda, anakanyaga pedali, umeme unaingia kwenye betri. Wengine wanaruka juu ya vigae vinavyodidimia milimita chache kila vikikanyagwa, na mwendo huo mdogo unazungusha jenereta iliyo chini yake.

Je, umeme huo unatosha? Tupige hesabu kwa uniti, kama tunavyonunua umeme nyumbani. Mtu mwenye afya akikanyaga bila kupumzika hutoa takribani wati 100. Atatoka jasho saa 10 ndipo apate uniti moja. Kwa takwimu za bendi yenyewe, baiskeli, sakafu na paneli za sola kwa pamoja zilitoa wastani wa uniti 17 kwa kila onyesho. Hizo zinaendesha lile jukwaa dogo lililo mbali na jukwaa kuu, basi. Uwanja mzima wa mpira hauwaki kwa miguu ya mashabiki, na ni vizuri tuseme hivyo wazi.

Kazi kubwa inafanyika mahali ambapo kamera hazifiki. Bendi ilishirikiana na BMW kutengeneza betri kubwa ya kuhamishika kutoka kwenye betri za magari ya umeme ya i3. Jenereta hutumia dizeli inayotokana na mafuta ya mimea, yakiwemo yaliyokwisha kupikiwa. Hapo palizuka ubishi mwaka 2022: wanaharakati wa Ulaya walihoji uhusiano wa kampuni iliyoleta mafuta hayo na ukataji wa misitu kwa ajili ya michikichi. Swali lao lilikuwa la haki. Mafuta ya mimea ni safi kwa kadiri shamba yalikotoka lilivyo safi.

Juni 2024 bendi ilitangaza kwamba hewa ukaa imepungua kwa asilimia 59 kwa kila onyesho, hesabu iliyopitiwa na mtaalamu wa chuo cha MIT cha Marekani. Bangili zinazowaka mikononi mwa mashabiki, zilizotengenezwa kwa malighafi ya mimea, zilirudishwa kwa asilimia 86 ili zitumike tena. Kwangu mimi hayo ni mafanikio ya kweli. Ila soma vizuri kilichopimwa: maandalizi ya onyesho, usafirishaji wa mizigo, safari za wanamuziki na wafanyakazi wao. Safari za mashabiki hazimo, ilhali katika tamasha la uwanjani hizo ndizo kwa kawaida hubeba sehemu kubwa ya moshi. Watu makumi ya maelfu, kila mmoja na gari au ndege yake. Bendi imepanda mti kwa kila tiketi, takribani milioni 7 kufikia wakati huo, lakini mche huchukua miaka mingi kufyonza hewa ukaa, na gari limeshautoa moshi wake usiku uleule.

Ndiyo maana nawasihi waandaaji waangalie Bristol, Uingereza. Agosti 2024 kundi la Massive Attack lilipiga muziki kwa umeme wa betri, likauza chakula kisicho na nyama, na kabla ya yote hayo likawapa wakazi wa eneo hilo nafasi ya kwanza ya kununua tiketi. Treni za ziada zikapangwa kwa ajili ya kuwarudisha watu usiku. Maegesho ya magari ya mashabiki hayakuwepo.