"Hakuna riba, bibi, ni ada tu"

Nimeisikia tena wiki hii, kwenye kibanda cha wakala karibu na mwalo wa Kirumba, Mwanza. Bibi mmoja, mlengwa wa TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini, alikuta ruzuku imeingia kwenye simu ikiwa pungufu, akawa analalamika kwamba TASAF wamemkata. Wakala, kijana mpole kabisa, akamtuliza: "Ulijaziwa salio, bibi. Lakini hakuna riba hapo, ni ada tu."

Huko kujaziwa salio ndiyo ovadrafti, yaani mkopo wa kukamilisha muamala. Salio halitoshi, mtoa huduma anajazia, kisha pesa yoyote itakayoingia inalipa deni kabla mwenyewe hajaigusa. Neno ni la Kiingereza, na ndani yake mna kuvuta: umevuta kwenye akaunti kupita kilichomo. Mwaka 1728 Royal Bank of Scotland ilimkubalia hivyo William Hog, mfanyabiashara wa Edinburgh, aliyekuwa akisubiri kulipwa na wateja wake.

Kinachoniuma ni hilo neno "tu". Riba tumeipata kwa Waarabu, na kwao asili yake ni kukua, kuongezeka. Ndiyo maana hupimwa kwa ukubwa wa deni. Ada nayo ni ya Kiarabu, maana yake desturi. Kwetu imekuwa malipo yaliyopangwa, kama ada ya shule, na haikuulizi umekopa kiasi gani. Tuseme ada ni shilingi 100 kwa siku. Aliyejaziwa 2,000 ya unga, siku ya 10 anadaiwa ada ya 1,000: nusu ya alichokopa! Aliyejaziwa 50,000 anadaiwa 1,000 ile ile, yaani asilimia 2. Na mlengwa anayesubiri malipo ya kila miezi miwili hana cha kulipia mapema, kwa hiyo siku zinamwendea.

Uingereza, tangu Aprili 2020, benki haziruhusiwi kutoza ada za kila siku wala za kila mwezi kwenye ovadrafti. Zinatoza riba ya mwaka, kwa kiwango kimoja kilichotajwa wazi.

Basi, mdogo wangu wakala, bibi akirudi mpe shikamoo yake, kisha umweleze hivi: TASAF hawajakukata, bibi. Ulikopa, na kwa deni dogo kama lako ada hii ni ghali kuliko riba.