Kabla ya Kuitupa Televisheni ya Chogo, Fuatilia Waya Zake

Katika karakana yetu ya elektroniki hapa Tanga tunaletewa televisheni za chogo kutoka Ngamiani, Makorora na Chumbageni zikisemwa kuwa zimekufa, na nyingi kati yake hazina ugonjwa wowote. Zikishawekwa mezani na kuunganishwa na king'amuzi kwa waya moja iliyo safi, picha hutokea papo hapo. Kilichoharibika ni njia ya kuifikisha picha kwenye kioo, na njia hiyo mwenye nyumba anaweza kuisahihisha mwenyewe bila kushika bisibisi.

Chanzo cha fujo hii kinafahamika. Utangazaji wa analojia ulianza kuzimwa nchini tarehe 31 Desemba 2012, Dar es Salaam ikitangulia, na mapema mwaka 2013 zamu ikafika Tanga. Televisheni ya chogo iliundwa kupokea mawimbi ya analojia moja kwa moja kutoka kwenye antena, kwa hiyo tangu wakati huo inahitaji king'amuzi cha kuyapokea mawimbi ya dijitali na kuyageuza yawe picha inayoifahamu. Watu walinunua king'amuzi na kukiongeza juu ya vilivyokuwepo, yaani deki ya kanda, deki ya DVD na sabufa. Kila kifaa kilikuja na waya zake, na ni nyumba chache zilizowahi kuondoa hata moja.

Nyumba moja ya Ngamiani niliyoitwa hivi karibuni inatosha kuwa mfano. Bibi mwenye nyumba aliitikia shikamoo yangu, kisha akasema, "Mwanangu, picha naiona, ila sauti ni mvua tupu." Nyuma ya televisheni nilihesabu waya tisa. Antena iliingia kwenye king'amuzi, king'amuzi kikaipeleka picha kwenye deki ya kanda ambayo haikuwa imetumika kwa miaka mingi, na deki nayo ikaipeleka kwenye televisheni kwa waya ya antena. Televisheni na deki zote zilikuwa za PAL, mfumo mmojawapo wa picha za rangi za analojia, lakini PAL ina matawi. Katika tawi la B/G, ambalo ndilo lililotumika Tanzania Bara, sauti hukaa megahezi 5.5 kutoka kwenye picha, ilhali katika tawi la I, lililotumika Uingereza, hukaa megahezi 6. Deki ile ilikuwa ya mtumba, ikitoa sauti kwa tawi la I, na televisheni ikaitafuta mahali isipokuwepo. Ndiyo maana bibi alisikia mvua.

Tatizo la namna hiyo huondoka kwa kuingia kwenye menyu ya televisheni, kutafuta mfumo wa sauti, na kubadilisha B/G kuwa I au D/K, tawi jingine, mpaka sauti isikike. Kwa bibi sikufanya hivyo, kwa sababu palikuwa na njia fupi zaidi. Chini ya kioo, nyuma ya kifuniko kidogo cha plastiki ambacho hakuna aliyekifungua kwa muda mrefu, kulikuwa na matundu matatu ya AV, yaani ya kuingizia picha na sauti kwa waya. Niliiondoa deki, nikaunganisha king'amuzi na televisheni moja kwa moja, na waya tisa zikabaki nne: ya antena, ile ya vichwa vitatu, na mbili za umeme.

Matundu hayo yana rangi zenye maana. Njano ni picha, nyeupe ni sauti ya kushoto, nyekundu ni sauti ya kulia. Neno OUT huonyesha mahali picha au sauti inapotokea, na IN mahali inapoingilia, hivyo kila waya itoke OUT ya kifaa kimoja iingie IN ya kingine. Kichwa cha njano kikichomekwa kwenye tundu la sauti utasikia mngurumo mkali na kioo kitabaki cheusi. Televisheni yenye tundu moja tu la sauti ipewe kichwa cheupe. Baada ya hapo bonyeza AV kwenye rimoti, kwani wengi huunganisha vizuri kabisa kisha wakabaki kwenye chaneli wakiingoja picha ambayo haiwezi kutokea hapo.

Ving'amuzi vingi vidogo vina tundu moja la mviringo badala ya matatu, na hapa ndipo watu wengi hukwama. Waya yenye ncha moja upande huu na vichwa vitatu upande ule huuzwa kama kitu cha aina moja, lakini watengenezaji hawakupanga pete za ncha ile kwa utaratibu mmoja. Picha isipotokea, chomeka kichwa chekundu kwenye tundu la njano, kisha ujaribu na cheupe. Ikitokea, tatizo ni waya hiyo, na unaweza kuendelea kuitumia hivyo hivyo au kununua inayolingana na king'amuzi chako.

Televisheni kongwe zaidi zina tundu la antena pekee. Hapo deki ya kanda, ambayo kwa bibi niliiondoa, inakuwa na thamani, kwa kuwa inaweza kupokea picha ya king'amuzi kwa AV na kuitoa kwa waya ya antena, mara nyingi karibu na chaneli ya 36 ya UHF. Kwa king'amuzi chenye HDMI peke yake, yaani tundu bapa la picha na sauti za dijitali, kinahitajika kigeuzi kidogo, na muuzaji aulizwe kinageuza kutoka wapi kwenda wapi: cha HDMI kwenda AV hakiwezi kufanya kazi ya kinyume chake.

Mji wetu una adui mwingine, nao ni chumvi ya bahari. Nyumba za karibu na ufukwe, kama za Raskazone, hupata kutu kwenye vichwa vya waya mapema, na picha ikaanza kukatika pasipo mvua wala upepo. Vifute kwa kitambaa kikavu chenye spiriti kidogo umeme ukiwa umezimwa. Waya ya antena inayoshuka kutoka paani ikunjwe chini kidogo kabla ya kuingia dirishani ili maji ya mvua yadondokee nje, maana yakiingia ndani ya waya hiyo, ni bora kuibadilisha.

Chomoa plagi zote ukutani kabla ya kugusa waya yoyote, na radi ikianza chomoa antena pia. Kifuniko cha nyuma cha televisheni ya chogo kisifunguliwe na asiye fundi kwa sababu yoyote. Ndani yake kuna umeme unaoweza kuzidi volti 20,000, na sehemu ya umeme huo huweza kubaki hata baada ya plagi kuchomolewa.

Anayetuletea televisheni karakanani aje pia na rimoti yake, king'amuzi na waya zote alizokuwa akizitumia nyumbani. Tukipokea televisheni peke yake, mara nyingi tunairudisha ikiwa nzima, na mwenyewe akifika nyumbani hukuta tatizo lile lile linamsubiri.