Kifuniko cha kitambaa cha skrini ya kompyuta: ushuru wa nguo au wa kompyuta?

Uainishaji wa bidhaa kwa ajili ya ushuru wa forodha ni kuipa kila bidhaa inayovuka mpaka namba yake katika kitabu cha ushuru. Namba hiyo ndiyo inayoamua asilimia ya ushuru, na mara nyingi pia kama kibali kinahitajika. Vitabu vya ushuru vya nchi nyingi vimejengwa juu ya mfumo wa HS (Harmonized System), yaani orodha ya pamoja ya kupanga bidhaa kwa namba, unaosimamiwa na Shirika la Forodha Duniani lenye makao yake Brussels, ambao ulianza kutumika tarehe 1 Januari 1988. Tarakimu sita za mwanzo ni zilezile kwa kila nchi inayoufuata. Zinazoongezwa baada ya hapo ni za nchi yenyewe.

Kwa bidhaa nyingi kazi hii haina mvutano. Mvutano huanzia kwenye vitu kama kifuniko cha kitambaa cha kukinga skrini ya kompyuta na vumbi. Chukua kimoja: ni cha poliesta, kimekatwa kwa umbo la skrini, kingo zimekunjwa na kushonwa, na hakifai kwa kitu kingine chochote. Mwagizaji anakiita kifaa cha kompyuta, naye afisa wa forodha anakiita bidhaa ya nguo. Fedha zimo hapo. Makubaliano ya Teknolojia ya Habari, yaliyofikiwa Singapore mwaka 1996, yaliondoa ushuru kwa kompyuta na vipuri vyake vingi katika nchi zilizojiunga, ilhali bidhaa za nguo bado hutozwa ushuru mkubwa katika nchi nyingi.

Hoja ya mwagizaji ni kwamba kitu kimetengenezwa kwa ajili ya kompyuta tu. Ni hoja inayoeleweka, lakini haitoshi. Kanuni ya kwanza kati ya kanuni sita za kufasiri HS inasema bidhaa huainishwa kwa maneno ya kichwa, yaani kundi la bidhaa lenye namba ya tarakimu nne, pamoja na maelezo ya kisheria yaliyowekwa mwanzoni mwa sehemu na sura. Kwa hiyo ni lazima kufungua kichwa 8473 na kukisoma neno kwa neno. Kinahusu vipuri na vifaa vya ziada vinavyotumika pekee au hasa na mashine kadhaa, kompyuta zikiwemo. Ila ndani ya maneno hayohayo kinaviondoa vifuniko, mikoba ya kubebea na vitu vya namna hiyo. Hapo hoja ya “kimetengenezwa kwa ajili ya kompyuta” inakwama, hata kama kifuniko kinaikaa skrini sawasawa.

Kikishatoka huko, kifuniko chetu kinafuata malighafi yake. Sura za nguo ni ya 50 hadi ya 63, na kitambaa kilichokwisha kukatwa kwa umbo maalumu au kupindwa kingo huhesabiwa kuwa bidhaa iliyotengenezwa tayari, si kitambaa cha jora tena. Kichwa 6307 hupokea bidhaa za aina hiyo zisizotajwa kwingine, na maelezo ya ufafanuzi ya Shirika la Forodha Duniani yanataja humo vifuniko vya magari na vya mashine. Namba inakuwa 6307.90.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hulipita. Skrini inayouzwa peke yake, iliyobuniwa kuunganishwa na kompyuta, iko kichwa 8528, si 8471 pamoja na kompyuta. Vipuri vya bidhaa za 8528 viko 8529, na kichwa hicho kinasema vipuri tu, hakitaji vifaa vya ziada. Kwa hiyo kitu kinachoisaidia skrini bila kuwa kiungo chake hakina mlango pale, hata kisipokuwa kifuniko.

Kitambaa laini cha kufutia skrini hakina ugumu huo. Vitambaa vya kusafishia vina namba yao, 6307.10, iwe vinafuta skrini, miwani au meza. Lakini kikiwa ni kitambaa kisichofumwa kilicholoweshwa sabuni au dawa ya kusafishia, huhamia 3401 pamoja na sabuni. Kikiuzwa katika pakiti moja na chupa ya dawa, swali linakuwa ni kipi kinachoipa seti hiyo sifa yake kuu.

Kigumu kuliko vyote, kwa maoni yangu, ni wavu wa nailoni uliovutwa kwenye fremu ya plastiki ili kupunguza mng’ao wa skrini. Huu haufuniki kitu. Unafanya kazi wakati mtu anasoma, na fremu inauondoa kwenye kundi la vitambaa vitupu. Hapa lazima kujua ni wa skrini ya aina gani, umefungwaje, na je, ni wavu au ni fremu inayoupa sifa yake.

Kwa bidhaa ya namna hii, mwagizaji aombe uamuzi wa awali wa forodha kabla mzigo haujapakiwa. Mkataba wa Uwezeshaji Biashara wa Shirika la Biashara Duniani, unaotumika tangu Februari 2017, unazitaka nchi wanachama kuwa na utaratibu huo. Ombi liambatane na sampuli, na lieleze aina ya uzi, kama kitambaa kimefumwa au la, namna kingo zilivyomalizwa, na skrini inayokusudiwa. Kuandika “kifaa cha kompyuta” kwenye ankara hakumwambii afisa hata kimoja kati ya hayo.