Wawili kwenye boti ya matanga Ziwa Victoria: yasemwayo na yaliyo kweli

Wengi wanaotamani kuishi ndani ya boti ya matanga, mtu na mwenzake, huwaza Lamu au Kilifi. Walio Kisumu wana maji mlangoni: Ghuba ya Winam, kisha visiwa vya Rusinga na Mfangano, na ziwa wazi. Ila mazoea ya baharini hayahamii ziwani jinsi yalivyo. Hapa hakuna maji kupwa na kujaa ya kuhesabia safari, hakuna chumvi, mko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na upepo una ratiba yake. Dhana nyingi potofu zinaanzia hapo.

"Ziwa ni tulivu, si kama bahari"

Hii ndiyo hatari kuliko zote. Sehemu kubwa ya ghuba upande wa Kisumu haifiki mita 10 kwenda chini. Upepo ukivuma juu ya maji ya kina kifupi, mawimbi huwa mafupi, yamesimama wima, tena yanafuatana haraka. Wimbi la mita moja likipiga omo, yaani sehemu ya mbele ya boti, la pili limeshafika kabla boti haijainuka. Boti inapoteza mwendo, na bila mwendo usukani haushiki.

Dhoruba nazo huwapata watu kwa sababu wanatazama upande mmoja tu. Alasiri upepo wa ziwa unatoka magharibi, na macho yote yako huko. Lakini mawingu ya radi mara nyingi hujengeka juu ya milima ya Nandi na Kericho, kisha husogea kuelekea ziwani. Dalili ya kuogopa ni upepo wa magharibi kukatika ghafla, halafu hewa baridi kuanza kuvuma kutoka mashariki. Dakika chache baadaye boti imelazwa ubavu.

Wingu likianza kuwa jeusi upande wa Nandi, punguzeni tanga kubwa hadi mkunjo wa pili papo hapo, hata kama upepo bado ni mwanana. Tanga la mbele likunjwe lote. Fungeni madirisha, vaeni jaketi za kuokolea, jifungeni kamba za usalama, kisha kaeni mbali na mlingoti na nyaya zake, maana ndio mrefu kuliko vyote vilivyo karibu, na radi huutafuta. Mkisubiri upepo ufike kwanza, tanga linabanwa na mvutano na halishuki kwa mkono.

"Ukiwa na matanga unaondoka saa unayotaka"

Usiku kucha hadi asubuhi nchi kavu ni baridi kuliko maji, kwa hiyo upepo unatoka mashariki kwenda ziwani. Kuelekea saa nne au saa tano asubuhi unalala. Karibu na saa sita upepo wa ziwa unaanza kutoka magharibi au kusini-magharibi, unapata nguvu saa tisa hadi saa kumi, halafu unafifia jua likizama.

Anayetoka Kisumu kwenda Mbita basi ang'oe nanga alfajiri. Kisiwa cha Ndere kiko kama kilomita 30. Kwa mwendo wa kilomita 7 kwa saa mnafika kabla upepo haujageuka, na hapo mnalala. Wanaokunywa chai kwanza na kuondoka saa nne hukaa kwenye utulivu na jua kali, kisha wanapigana na upepo wa usoni. Ukipiga bisho, yaani kwenda mshazari huku na huku dhidi ya upepo, kwa nyuzi 45 kila upande, kilomita 40 zinakuwa karibu 57. Kurudi Kisumu ni kinyume chake: alasiri ndiyo yenu.

Msiitegemee sana injini kuziba pengo. Kwa mwinuko huu hewa ni nyepesi, na injini ya nje hupoteza takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu zake.

"Gugumaji ni uchafu wa kuudhi macho tu"

Zulia la gugumaji husafiri na upepo. Alasiri linasukumwa hadi pembe ya mashariki, mbele ya Kisumu na Dunga, na mtu aliyetia nanga upande unakoelekea upepo anaweza kuamka amezingirwa. Kosa la kawaida ni kulipasua kwa injini. Mizizi huziba tundu la kuvutia maji ya kupoza, na mpira wa pampu ya maji huharibika kwa dakika chache ukizunguka mkavu. Tazameni mchirizi unaotoka nyuma ya injini: ukipungua, zimeni, inueni injini, toeni mizizi kwa mkono. Mpira wa akiba usikose botini.

Nanga nayo ina adabu yake hapa. Tope la ghuba ni laini. Nanga ikivutwa mara tu inapogusa chini hulima tope bila kushika. Iacheni izame dakika 10 hadi 15, ndipo mrudishe boti nyuma polepole. Mnyororo na kamba viwe mara 5 hadi 7 ya kina pamoja na kimo cha omo: maji mita 4 na omo mita 1 ni mita 25 hadi 35. Kaeni mbali na mafunjo, viboko wanapita humo jioni. Tena tangu maji yalipopanda sana mwaka 2020, visiki, kuta na nyua zilizokuwa nchi kavu ziko chini ya maji karibu na fuo nyingi. Ulizeni wavuvi kabla ya kusogea.

"Maji yasiyo na chumvi hayali boti, na unayanywa"

Chumvi huzuia kuvu wanaoozesha mbao. Maji ya ziwa hayana kinga hiyo, hivyo mbao za sitaha zinazovuja mvua huoza haraka. Vipande vya zinki vya kulinda chuma havifanyi kazi vizuri hapa. Tumieni vya magnesi.

Kunywa ni jambo jingine. Kuchemsha kunaua vijidudu lakini hakuondoi sumu ya mwani wa kijani-bluu unaotanda ghubani. Bebeni lita 5 za kunywa na kupika kwa kila mtu kwa siku. Wawili kwa wiki ni lita 70. Maji ya kuoga yachoteni mbali na ukingo, yakae siku mbili kwenye jerikeni iliyofunikwa ili vimelea vya kichocho vife.

"Baba ni nahodha, mama ni abiria"

Boti ya watu wawili ikimwangusha mmoja, inabaki na mmoja. Na huenda aliyeanguka ndiye "nahodha". Kila mmoja awe anaweza peke yake kutupa boya, kubonyeza kitufe cha kuhifadhi mahali kwenye GPS, na kugeuza omo kupita upepo bila kulegeza tanga la mbele. Tanga hilo likijaa upande usio wake, boti inasimama karibu na aliyeanguka. Kabla ya kuwasha injini, kagua kamba zote: inayoning'inia majini itajizungusha kwenye propela. Ukimkaribia, injini iwe imezimwa.

Kazi ngumu ni kumtoa majini. Mtu wa kilo 80 aliyelowa hainuliwi kwa mikono ya mwenzake wa kilo 60. Fungeni kamba ya kupandishia tanga kwenye mkanda wa jaketi lake, izungusheni kwenye winchi, apande polepole. Fanyeni zoezi kwa jerikeni ya lita 20 iliyojaa maji nusu, mkibadilishana zamu, mpaka kila mmoja aifikie bila kuelekezwa.

"Taa zile ni mji"

Usiku wa giza, safu ya taa mbele yenu huenda ni wavuvi wa omena (dagaa). Taa zinaelea juu ya maji, na nyavu ziko karibu nazo. Zungukeni kwa mbali upande usio na mitumbwi. Propela ikinasa wavu, zimeni injini mara moja, shusheni matanga, ita mwenye wavu. Msikate kabla hajafika, labda upepo uwe unawasukuma kwenye miamba. Kama mmeharibu, ongeeni malipo mbele ya viongozi wa BMU, yaani kikundi cha usimamizi wa ufuo, cha ufuo wake.