Jasho la Maisara linafanya nini ndani ya mishipa ya damu?

Swali: Nina miaka 52 na presha. Kila alfajiri naona watu wakikimbia kwenye viwanja vya Maisara, mjini Unguja. Mazoezi yale yatanisaidia nini?

Mshipa wa damu kwa ndani umetandikwa tabaka moja tu la seli, jembamba mno. Seli hizo hutoa gesi iitwayo nitriki oksaidi, inayoulegeza mshipa ili damu ipite bila kubanwa. Ukitembea kwa kasi, damu huenda mbio na kuzisugua seli hizo, na msuguo huo ndio unaozichochea kutoa gesi zaidi. Ukiendelea kwa wiki kadhaa, mshipa huzoea kulegea hata ukiwa umekaa barazani. Kwa mwenye presha, namba ya juu hushuka kwa wastani wa 5 hadi 8. Dawa zako usiziache lakini, mpaka daktari aseme.

Swali: Nimeambiwa mazoezi yanazalisha sumu mwilini. Kweli?

Nusu kweli, na ndiyo nusu inayowatisha watu bure. Misuli ikifanya kazi huzalisha radikali huru, yaani chembe zenye upungufu wa elektroni zinazopora kwa jirani zao. Zikizidi kinga ya mwili, hali hiyo huitwa mkazo wa oksidesheni. Mojawapo, superoksaidi, huidaka nitriki oksaidi kabla haijafanya kazi yake. Hiyo ni sababu moja ya mishipa ya mvuta sigara au mwenye kisukari kukakamaa mapema.

Tofauti iko hapa: radikali za sigara humiminika mchana kutwa, za mazoezi huja kidogo na kuondoka, na mwili hujibu kwa kuongeza vimeng'enya vyake vya kuzizima. Mkono wa baharia nao huota sugu kwa kuvuta kamba.

Swali: Kwa hiyo nimeze vitamini C na E kabla ya kukimbia?

La. Mwaka 2009 watafiti wa Ujerumani waliwafanyisha vijana wa kiume mazoezi kwa wiki 4. Waliomeza vidonge vingi vya vitamini hizo hawakupata nafuu ya insulini waliyoipata wenzao, yaani mwili kuiitikia vyema zaidi homoni hiyo inayoshusha sukari kwenye damu. Vidonge vilizizima radikali za mazoezi, na hizo ndizo ishara ambayo mwili huitumia kujiimarisha. Machungwa na mchicha kula tu.

Swali: Kiasi gani kinatosha?

Shirika la Afya Duniani linataja dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani: unaweza kuzungumza, kuimba huwezi. Nusu saa, siku tano. Si lazima kiwanja wala raba za bei. Pemba, vilima vya Wete vinatosha kabisa. Linalonikera ni hili: tarehe 1 Januari, siku ya mazoezi hapa Zanzibar, barabara hujaa fulana mpya, ikifika Februari njia nyeupe. Faida ya mishipa hufifia ndani ya wiki chache ukiacha.

Swali: Na Ramadhani?

Tembea taratibu nusu saa kabla ya futari, maji yako karibu, au baada ya tarawehe. Anayetumia insulini aonane na daktari kabla ya mwezi kuandama.

Wakati wowote, kifua kikibana au ukahisi kuzimia, simama na upelekwe hospitali papo hapo. Usisubiri kwanza unywe chai ya tangawizi.