Ndani ya tumbo la panzi jike: maswali ya wanaomkaanga

Nitamjuaje jike?
Mtazame ncha ya tumbo. Jike ana meno manne magumu, mawili juu na mawili chini, yanayofunguka na kufumba. Dume hana, ncha yake ni butu na imepinda juu. Senene ni jamaa wa mbali, na jike wake hubeba upanga mrefu nyuma, kwa hiyo usimpime kwa kigezo hiki.

Yale ya njano ninayoyakuta tumboni ni nini?
Mayai. Hutengenezwa kwenye ovari mbili zilizolala juu ya utumbo. Kila ovari ni fungu la virija vyembamba, na ndani ya kila kirija mayai yamejipanga kwa umri: machanga mbele, yaliyokomaa karibu na njia ya kutokea.

Kwa hiyo ana mimba?
Hapana, wala hana mji wa mimba. Kila ovari ina mrija wake. Miwili hiyo huuzunguka utumbo, mmoja kila upande, ikakutana chini yake na kuwa njia moja ya kutokea. Yai likiiva linatoka. Hakuna kitoto kinacholelewa humo.

Dume huingia wapi katika habari hii?
Hapa ndipo panaponivutia zaidi. Karibu na mlango wa uzazi kuna kifuko kimoja chenye mrija mrefu uliojisokota. Baada ya kupandana, mbegu za dume huhifadhiwa humo. Yai hufika hapo likiwa tayari na ganda, lakini ganda hilo lina vitundu vidogo sana, na mbegu hupenya humo yai linapopita kwenda nje. Ndiyo maana kupandwa mara moja kunaweza kutosha kwa mitago kadhaa.

Anatagaje ardhini?
Yale meno manne ndiyo jembe. Huchimba huku tumbo likirefuka kwa kunyooshwa kwa ngozi laini kati ya pingili. Nzige wa jangwani huyafikisha mayai sentimita 10 hadi 15 chini ya mchanga wenye unyevu. Tezi zilizo mwanzoni mwa ile mirija miwili hutoa povu linaloyashikamanisha mayai na kuziba shimo. Povu hukauka, na baadaye watoto hupanda juu kupitia humo. Akiishi peke yake, nzige huyu hutaga mayai 90 hadi 160 kwa mkupuo. Akiwa kwenye kundi, hayafiki 80.

Nikila na mayai yake, nitadhurika?
Mayai ya panzi wa kuliwa, yakiiva vizuri, si tatizo. Ila anayepata mzio akila kamba wa baharini ajihadhari, maana panzi anaweza kumletea mzio uleule. Panzi wa rangi kali wenye harufu mbaya waache, baadhi yao wana sumu. Na nzige waliopuliziwa dawa, kama ilivyofanyika Kenya mwaka 2020, wasiliwe kabisa, wala kuku wasipewe. Kukaanga hakuondoi dawa.